Joka rafiki na nyoka wa kwenye migomba

Dada wa Tukuyu, nimekuelewa: binti yako wa miaka mitano hasikii la mtu kwa hadithi za joka rafiki, mama mkwe anasema unamlisha mashetani, na juzi mtoto kataka kumshika nyoka kwenye migomba.

La mama mkwe lisikunyime usingizi. Uchina joka ni kiumbe wa heri, mleta mvua, na 2024 ulikuwa mwaka wake kwenye kalenda yao. Mwombe bibi naye asimulie, hata zile za Ziwa Ngosi la huko kwenu. Akishashika zamu ya usimulizi, ubishi utapungua (kwangu ulipungua).

Kinachonitisha mimi ni hiyo migomba. Usimnyang'anye kitabu, ataanza kukusoma wewe kama adui. Mtenganishie viumbe hao wawili, joka na nyoka. Mwanangu nilimchorea joka mwenye mbawa na miguu minne, kakaa juu ya Mlima Rungwe kavaa sweta, anachemsha chai kwa pumzi yake. Sasa akiona nyoka, hata wa pichani, anasema, "Huyu hana sweta." Halafu mzoeshe kwa vitendo, pale pale shambani: simama, rudi nyuma polepole, ita mkubwa. Na mabuti avae.

Akiumwa na nyoka, msimchanje wala kumfunga kamba. Kiungo kilichoumwa kitulie, mbebeni hospitali saa hiyo hiyo hata kama hajavimba.

Kama hadithi zinamletea ndoto mbaya, zihamishie mchana.