Maswali na Majibu: Ukonsaltanti hauji kwa miaka kazini

Barua za safari hii zimetoka kwa wenzetu wa kada za afya shirikishi (fiziotherapia, eksirei, paramediki wa magari ya wagonjwa na kadhalika) walioko NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, au wanaotaka kwenda huko.

Konsaltanti wa fiziotherapia ni daktari?

Si daktari; ni mfiziotherapia aliyeshika nafasi ya ngazi ya juu ya kitaalamu. Nimelijibu hili mara nyingi, tafadhali tusilirudie.

Nina miaka 15 kazini Birmingham, niko bendi 7 (daraja la mshahara la NHS). Lini watanipandisha niwe konsaltanti?

Hawatakupandisha. Hospitali huunda nafasi hiyo inapoona hitaji la wagonjwa, huitangaza, nawe huomba na kusailiwa kama wengine. Utaulizwa mambo manne: kutibu, kuongoza, kufundisha na utafiti. Wengi wetu tuna la kwanza, labda na la tatu. Utafiti tunaukwepa, kisha tunalalamika tumerukwa. Anzia kwenye kliniki yako: wagonjwa wangapi wa mgongo mliwapeleka MRI mwaka jana, na wangapi matibabu yao yalibadilika kwa sababu ya picha ile? Andika, wasilisha, halafu tafuta shahada ya uzamili.

Tena usome ratiba ya kazi kabla ya kuomba. Nafasi hizi zilipoanzishwa, zilikusudiwa angalau nusu ya muda iwe kwa wagonjwa. Nyumbani nilimwona mfiziotherapia hodari kuliko sote akipanda cheo. Alikabidhiwa ufunguo wa stoo na daftari la zamu, wagonjwa wa kiharusi wakaachiwa wanafunzi. Bado inaniuma. Ukikuta tangazo la ukonsaltanti lililojaa vikao mwanzo hadi mwisho, liache.

Napiga picha za eksirei. Nikifika ngazi ya juu nitaandika dawa?

Kwa kujitegemea, hapana. Mafiziotherapia na wataalamu wa miguu waliruhusiwa 2013, wenzako wanaotibu saratani kwa mionzi 2016, paramediki 2018, na kila mmoja lazima apite kozi yake kwanza. Lakini konsaltanti wa picha za matiti husoma mamogramu, hupiga ultrasaundi, huchukua kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe, na mara nyingi ndiye anayekaa na mgonjwa kumweleza majibu. Mbona hiyo hamniulizi?

Mimi ni tabibu (clinical officer), nimesomea Tanzania. Naingia kada ipi?

Hakuna. Kada shirikishi za England ni 14 na utabibu haumo. Mteknolojia wa maabara naye hayumo, ingawa HCPC, baraza la Uingereza linalosajili wataalamu wa afya, humsajili. Huhesabiwa na wanasayansi wa afya.

Wakala wa Dar es Salaam anataka milioni mbili anipatie nafasi ya ngazi ya juu. Nimlipe?

Usimlipe hata senti. Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza: waajiri wa Uingereza na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kusaka watumishi wa afya kwetu, ila wewe mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja. Sheria ya huko pia inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Tena cheo anachokuuzia hakilindwi na sheria. Kinacholindwa ni jina la taaluma yako, na hilo hupati kulitumia bila usajili wa HCPC. Hela hiyo itunze ulipie usajili.