Kibali cha kazi kwa mke wa J-1: usiandike kwamba unataka kumsaidia mume

Dada uliyeuliza kama ukimfuata mumeo Marekani utaruhusiwa kufanya kazi, kabla hujaachia fremu yako ya duka, muulize chuo kinamwita kwa viza gani. Akiwa na F-1, viza ya mwanafunzi, wewe utapewa F-2, na mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi, hata ya saa mbili kwa wiki. Akiwa na J-1, viza ya wanaokuja kwa mpango wa kubadilishana wasomi, wewe ni J-2, na hapo unaweza kuomba.

Mimi nilikuja kwa J-2. Huombi ukiwa Dar, unaomba ukishafika: fomu I-765 ya kuomba kibali cha kazi, picha, nakala ya pasipoti, I-94 (rekodi ya kuingia Marekani), DS-2019 (hati ya mpango wa J-1 inayoonyesha muda wake) yako na ya mumeo, cheti cha ndoa. Nilituma kwa posta na ada ilikuwa dola 520. Hayo ni makaratasi tu, utayamaliza siku moja.

Ugumu uko kwenye barua ya kueleza kwa nini unataka kufanya kazi. Kwetu mke anayejiheshimu husema anataka kusaidiana na mwenzake, nami ndivyo nilivyoandika, kwamba nataka kumpunguzia mume mzigo wa kodi ya nyumba. Wala hakuwa na mzigo. Posho yake ilitutosha kula na kulala, nilikuwa najipamba tu. Ikarudi barua ya Uhamiaji wa Marekani ya kutaka uthibitisho kwamba kipato changu hakihitajiki kumtunza mwenye J-1. Kumbe sheria yao ndivyo inavyosema: ukionekana unamlisha yeye, kibali hupati!

Nikakaa na mume tukaandika hesabu ya mwezi mzima: posho inayoingia, kodi, chakula, bima, na kinachobaki. Kisha nikaeleza hela yangu itakwenda wapi: kozi ya Kiingereza, watoto kujifunza kuogelea, safari za likizo. Matumizi ya namna hiyo wanayakubali. Lakini hesabu iwe ya kweli. Kama posho haiwatoshi, barua nzuri haitaificha.

Kadi ya kibali cha kazi ikaja. Mpaka uishike mkononi, usifanye kazi ya malipo. Na kusuka watu sebuleni kwa dola 80 ni kazi, msidanganyane huko kwenye magrupu. Ukishaipata, fanya kazi yoyote halali, kwa mwajiri yeyote. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuomba namba ya Social Security, ijaze hapohapo. Mimi niliiruka, nikaenda kupanga foleni baadaye.

Mshahara wa kwanza nilidhani wameniibia. Mume wangu, mwaka wake wa kwanza, hakukatwa Social Security wala Medicare, yaani makato ya pensheni na ya matibabu ya uzeeni. Mimi nilikatwa asilimia 7.65, maana msamaha ule ni wa J-1, haumfikii J-2.

La mwisho, kadi yako haivuki muda wa mumeo. Akiongezewa DS-2019, nawe unaomba upya na kulipa upya. Wangu alichelewa kufuatilia yake, nikakaa nyumbani miezi miwili bila kazi, na nakuhakikishia chai ya asubuhi alijipikia mwenyewe.