Maswali ya wasomaji: Baba katuachia sufuria la halua, nianzie wapi?

Safari hii nimechagua barua tatu, zote za halua. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imenigusa sana.

SWALI (msomaji wa kike, Wete, Pemba): Assalaam aleikum dada. Baba alifariki mwaka jana akatuachia biashara ya halua, sufuria la shaba, jiko na mafundi wawili waliokaa nae zaidi ya miaka 20. Wateja ni wale wale, wazee na watu wa harusi, Ramadhani na Sikukuu zikipita tunakaa tu. Vijana wanapita mlangoni wanakwenda kununua keki. Kaka yangu anasema tutie chokoleti na ladha ya stroberi, fundi mmoja kasikia hivo kakasirika anataka kuacha kazi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikum salaam mdogo wangu. Pole sana, Mungu amrehemu mzee wetu. Na mie halua nimeirithi, kwa babu, huu mwaka wa 14 naipika hapa Unguja, kwahiyo nnayokwambia nimeyapitia mwenyewe.

Kabla ya habari ya chokoleti nunua mizani. Mie nlivoshika biashara nlimuuliza fundi wetu sukari inakwenda kiasi gani akanambia makopo kadhaa, wanga makopo kadhaa na kidogo, basi. Siku kaumwa nikachukua kopo jingine la saizi ile ile nikapika na kijana wa jirani, halua ikatoka ngumu kama raba, sufuria zima hasara. Kumbe kopo la fundi lilikuwa limebonyea ubavuni tangu enzi za babu na yeye mkono wake ushazoea lile lile, maji na samli anapima kwa vyombo vingine, sasa mie na kopo langu zima nkawa nimezidisha wanga na sukari bila kujua. Tokea siku ile tukapika masufuria matatu kila kitu kinapita kwenye mizani kwanza, nkaandika kwenye daftari, gramu za iliki, za kungumanga, zafarani, dakika za moto mkubwa na za moto mdogo. Daftari hilo ninalo mpaka leo na ndo mtaji wangu mkubwa kuliko hata lile sufuria.

Ila fundi akiona unaandika atadhani unataka kumtoa, na hapo ndo wengi wanaharibu. Mkalishe chini umwambie wazi kwamba yeye ndo mkubwa wa jiko, na kama unaweza muongeze hela kidogo kabla hujaanza kuuliza maswali. Maana kuna vitu mizani haikwambii. Halua unaikoroga masaa mawili mpaka matatu bila kuacha mwiko, ukiacha kidogo tu inashika chini, na mwishoni inafika pahala inaachana na sufuria, samli inaanza kujitokeza pembeni inang'aa, na mlio wenyewe unabadilika, ile inayochemka kwa fujo inaanza kupumua pole pole, puu, puu. Fundi anachota kidogo anaifikicha kwa vidole viwili akasema tayari. Mie ilinichukua karibu miaka miwili kuusikia ule mlio vizuri. Hicho ndo baba yako alichokuachieni, sasa ukimwaga stroberi juu yake unauza kitu ambacho na kiwanda cha peremende kinaweza kuuza, tena kwa bei ya chini.

Na hao vijana, hebu wasikilize kwanza wanavokuja dukani. Kwetu walikuwa wanakuja wanafunzi wa chuo wanasema nikatie ya buku, muuzaji wetu anawaambia ya buku haifungiki chukua nusu kilo. Wanaondoka. Yaani halua wanaipenda, wamelelewa nayo, kila hitma kila maulidi wameila, lakini mtu anaishi chumba kimoja cha kupanga nusu kilo ataifanyia nini? Tulikuwa tunauza kwa kipimo cha posa na harusi peke yake. Tukaanza vikopo vya gramu 100 na kijiko kidogo cha mti ndani, nkaenda kuviweka kwa muuza kahawa pale barazani, mtu ananunua kahawa chungu na halua yake anakula hapo hapo. Hatukubadilisha ladha hata tone, na ndani ya mwaka ule vikopo vikawa vinalipa mishahara miezi ambayo hakuna harusi.

Sasa nikwambie kosa langu la vikopo usije ukalirudia. Mara ya kwanza tulijaza halua ya moto tukafunika ili tuwahi oda, mvuke ukapanda ukageuka maji chini ya mfuniko, maji yakadondokea juu ya halua, baada ya siku chache imeota ukungu, na halua siku zote tunajisifu inakaa wiki kadhaa bila friji! Ni kweli inakaa, kwasababu sukari ni nyingi na maji yamekauka jikoni, ila ukiirudishia maji umeiharibu. Vile vikapu vya ukindu vya wazee vilikuwa vinapumua ndo maana hawakupata tabu hii. Mie sasa inalala usiku kucha kwenye sinia imefunikwa kitambaa safi, asubuhi ndo inafungwa. Vikapu vya ukindu sijaviacha pia, navitumia kwa zawadi na watalii wanavipenda mno, ndani tunaweka karatasi ya chakula, na tunawapa maelezo mafupi kwamba hii inaliwa kidogo kidogo na kahawa isiyo na sukari, maana mgeni akila bonge zima kama keki inamkinaisha na harudi.

Hesabu ifanye kwa sufuria. Tuseme vitu vya sufuria moja vimekugharimu 180,000 na umepata kilo 20, hapo kilo ni 9,000 na bado hujamlipa fundi, kuni, vikopo, lebo, na ile inayobaki kwenye mwiko na majirani wanaokuja kuonja. Wengi wanaishia kwenye ile 9,000 wanauza 11,000 wanaona wana faida. Afu nenda ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, wakukagulie jengo la kupikia, na ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar, kwa nembo ya ubora, bila hivo supamaketi na hoteli hawakupi hata nafasi ya kuongea.

Kaka yako mwambie akitaka kujaribu ladha ajaribu lozi, korosho au ufuta, kwenye sufuria dogo. Asiliguse la baba.

SWALI (msomaji, Tanga): Samli imepanda sana. Mwenzangu anapikia mafuta ya kawaida na wateja hawajui. Na mie nichanganye nusu kwa nusu?

JIBU: Usichanganye ndugu yangu. Wateja wanajua, hawakwambii tu, wanapunguza kuja. Halua ya mafuta ukiitafuna inaacha utando kwenye kaakaa na ile harufu ya samli ikikosekana iliki inabaki peke yake inakuwa kali. Bora upandishe bei kidogo na uwaambie sababu, au kipande cha nusu kilo ukifanye gramu 400 na uandike wazi 400 kwenye lebo. Kupunguza uzito kimya kimya nako ni wizi, nakwambia kwa nia njema.

SWALI (msomaji, Muscat): Mie mzaliwa wa Zanzibar naishi Oman. Nataka kuleta halua yetu niuze huku, itatoka?

JIBU: Huko umekwenda kuuza nazi Mafia kaka yangu. Waomani halua ni yao tangu mababu, yetu sisi imekuja pwani na wao, na kila nyumba mgeni anakaribishwa kwa halua na kahawa. Wana zafarani, wana maji ya mawaridi ya mlima wao wa Jabal Akhdar, hutowashinda kwao. Ila hapo Muscat zimejaa familia zenye asili ya Unguja na Pemba na Kiswahili wanaongea majumbani, na wao hamu yao ni kashata za nazi, visheti, vileja, na ubuyu wa rangi ule wa kumung'unya. Anza na vileja na visheti, vikavu, havivunjiki ovyo ukivipanga kwenye kopo la bati, na vinasafiri vizuri. Kashata za nazi pika huko huko kidogo kidogo kwa oda, nazi ikikaa na joto la huko inachacha. Na kabla hujaleta mzigo wa biashara uliza kwanza masharti ya kuingiza chakula, usije ukafika uwanja wa ndege na maboksi kumi ukaambiwa uyaache hapo.