Kwa supavaiza mpya wa kitalu: ukiambiwa maji yamegeuka, yaonje

Nimeona nisinyamaze. Tangu serikali itangaze hii programu ya miti bilioni 15 ifikapo 2032, vitalu vimeamka kila mahali, vijana wanatoka chuoni na diploma zao wanapewa gengi ya watu wawasimamie, na huku kwetu Malindi kila msimu naona makosa yale yale. Nawapenda nyinyi watoto, ndiyo maana nakasirika. Kuotesha mche mshafunzwa, sirudii sana. Nataka tuzungumze habari ya watu, maanake miche mingi inayokufa kitaluni imeuliwa na mdomo wa supavaiza.

1. Shika mpira wa maji mwenyewe. Wiki za mwanzo usikae kwenye kiti, ingia saa kumi na mbili asubuhi na wenzako, chekecha udongo, jaza viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche), koroga samadi mpaka unuke. Hutajua kwa nini tuta la mwisho linakauka mapema mpaka uvute ule mpira uone haufiki, na anayemwagilia inabidi auzibe nusu kwa kidole gumba arushe maji kwa mbali, yakitua yanachimba udongo na mbegu zinabaki juu. Kuna kijana alimwandikia mwenzake barua ya uvivu kwa ajili ya tuta kama hilo. Baadaye mpira ukaongezwa kipande, tuta likanawiri, lakini barua ilishaingia kwenye faili ya mtu na mpaka leo imo.

2. Jua gengi yako inaishi vipi. Wengine wanakuja kwa miguu kutoka Muyeye na Kisumu Ndogo, mtu akichelewa siku ya mvua muulize njia ilikuwaje kabla hujamuuliza saa. Ijumaa mchana nusu ya watu wako msikitini, panga kazi ukijua hivyo, na Ramadhani kuchanganya udongo kumalizike mapema kabla jua halijapanda. Mtu akiomba ruhusa ya matanga kwao Marafa mpe, tena mchangie, hiyo si hisani, ndiyo kazi yenyewe.

3. Mbegu kwa haraka haraka. Mkilifi (wengine mwasema mwarobaini) usiweke mbegu stoo, zinakufa baada ya wiki chache, ziokote na uzipande mbichi. Za mvinje ni ndogo mno na sisimizi wanazibeba zote usiku mmoja, zungushia majivu, na kwenye udongo wake tia kiasi ulichokwangua chini ya mvinje mkubwa, kwa sababu mizizi yake inahitaji vile vijidudu vilivyomo kwenye udongo huo. Mbuyu na mkwaju loweka. Mikoko ina kitalu chake kule maji ya bahari yanakojaa na kupwa, usiilete huku juu kwenye viriba vya miembe.

4. Maji. Hapa nivumilieni, ni refu.

Nilipopewa gengi mara ya kwanza ilikuwa kaskazi, jua kali, mfereji haitoi, tunategemea kisima na pampu. Tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huku, kila asubuhi kabla hajagusa keni anachovya kidole kwenye tanki anaonja. Asubuhi moja akaonja, akatema, akasema, "Mwanangu, maji yamegeuka." Yaani yameshaingia chumvi. Na mimi, mbele ya watu wote, nikamjibu kwa sauti, mama mimi hii kazi nimeisomea, mvinje unaota ufukweni kabisa, hiyo chumvi kidogo itaufanya nini? Wawili watatu wakacheka. Yeye akasema "Sawa, bosi," akachukua keni yake akaenda. Alikuwa akiniita mwanangu tangu nifike, siku hiyo ndiyo alianza kuniita bosi, na mi nikaona ni heshima.

Kuhusu mvinje sikukosea, inavumilia. Lakini kitalu kilikuwa na miembe na milimau pia, na hiyo haistahimili. Haikuchukua muda majani ya miembe yakaanza kuwa kahawia kwenye ncha, halafu kahawia ikashuka pembeni mwa jani, ukilishika linavunjika kama karatasi kavu. Kwenye udongo wa kiriba, juu, kukatanda ukoko mweupe mwembamba. Nilikuwa naupangusa kwa kidole na sikujiuliza ni nini. Nikaona majani yamekauka nikasema ni jua, hawa watu hawamwagilii vya kutosha, nikaamuru miembe imwagiliwe mara mbili, asubuhi na jioni. Na pampu ikawa inanguruma mchana kutwa ili tanki litoshe. Sasa mnaelewa nilichokuwa nafanya? Huku pwani maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kule chini ya mwamba, ukivuta kwa nguvu bila kukipumzisha kisima chumvi inapanda juu. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nayafanya maji kuwa mabaya zaidi, halafu naimwagia miche mara mbili.

Na watu wote walijua! Hili ndilo linaniuma, miche inakuja baadaye. Gengi nzima ilikuwa inamwaga maji ya chumvi kwenye miembe, kimya, kila mtu anaangalia chini, kwa sababu walishaona anayesema anajibiwa vipi. Mwishowe kibarua mdogo kuliko wote alinifuata stoo akaniambia polepole, "Bosi, si mama alisema." Nikaenda kwenye tanki nikaonja. Hata mtoto angejua.

Nilimfuata mama nikamuuliza kwa nini hukunirudia. Akanijibu bila hasira yoyote, "Ningesema mara ya pili ungeniachisha kazi, na mimi nina wajukuu." Nilikosa pa kuweka uso. Tulitafuta bausa, lile lori la tanki, la maji matamu, tukamwagia mpaka yatoke chini ya viriba ili chumvi ioshwe, tukaipeleka miche kivulini, pampu tukaiwasha alfajiri kwa muda mfupi na kukiacha kisima kijijaze chenyewe. Mingi haikupona. Ilikuwa imeahidiwa shule ya msingi, na niliyekwenda kumwambia mwalimu mkuu ni mimi, sikumtuma mtu.

Kisha nikamwomba mama radhi palepale penye tanki, asubuhi, watu wote wakiwepo, maana nilimvunjia heshima hadharani nisingeweza kumwomba radhi nyuma ya stoo. Kwa hiyo nikiona kijana anamkata kauli mtu mzima kitaluni damu inanichemka. Kila asubuhi kabla ya kugawa kazi uliza, jamani mmeona nini? Halafu nyamaza wewe. Mwanzoni hawatasema kitu, endelea kuuliza.

5. Kivuli na mizizi. Sogeza viriba mara kwa mara na ukate mizizi inayoingia ardhini, na makuti ya kivuli yapunguze kidogo kidogo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Msiyaache mpaka siku ya mwisho halafu mche unatoka kivulini unapelekwa moja kwa moja kwenye jua na upepo wa kusi huko Mambrui, utasimama vipi?

6. Hesabu walio hai. Kiriba chenye kijiti kikavu si mche, usikiandike kwenye ripoti. Ile siku ya mapumziko ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, kila mtu alitaka miche, na kishawishi ni kutoa hata ile ya urefu wa kidole ili namba ipendeze. Kataa. Mwambie mkubwa wako iliyo tayari ni hii, na mwenye kujua ipi iko tayari ni yule anayeimwagilia, basi muite ajibu yeye mbele ya mkubwa, na umtaje jina.

7. Siku ya lori. Mwagilia jana yake jioni, pakia alfajiri, funika turubai. Mche unashikwa kwenye kiriba, haunyanyuliwi kwa shina, na hili usilipigie kelele kutoka mlangoni, panda juu ya lori upokee mwenyewe, wataona unavyoshika. Halafu mtu mmoja wa gengi aende na miche mpaka inakopandwa, mpokezane kila safari, maana kuna watu wameotesha miche miaka na miaka na hawajawahi kuona hata mmoja ukitiwa kwenye shimo.