Joe Goldberg hajifanyi kupenda, na hapo ndo pa kuogopa

Kama bado hujaangalia You, ile tamthilia ya jamaa anaitwa Joe anayewapeleleza wanawake anaowapenda na kuua watu, na unapanga kuiangalia basi ishia hapa, maana nitamwaga kila kitu.

Watu wengi ukiwauliza shida ya Joe watakwambia jamaa ni tapeli wa mapenzi. Mimi sioni hivyo. Tapeli anajua anadanganya. Joe anaamini kabisa. Ile sizoni ya kwanza ya 2018, dada mmoja anaitwa Beck anaingia dukani kwake kule New York kununua kitabu, analipa kwa kadi wakati keshi anayo, na jamaa kichwani keshamaliza: amelipa kwa kadi ili nilijue jina lake. Yani mtu kalipa tu kitabu jamani! Na kwa vile sauti tunayoisikia ni ya Joe mwenyewe, na sisi tunaitikia tu, eti anampenda huyu.

Huu ugonjwa wa kuamini mtu anakupenda wakati hakupendi upo kweli. Mwaka 1921 daktari wa akili wa Ufaransa, de Clérambault, alieleza habari za mama mmoja aliyeamini kwamba mfalme George wa Tano wa Uingereza anampenda, akawa anaenda kusimama nje ya Buckingham Palace, pazia likitikisika dirishani anajua tayari kapewa ishara. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Ukimkataa atasema unajikaza tu mbele za watu.

Mimi mpenzi wangu wa zamani hakuua mtu, tuelewane. Ila nilimwambia usinifuate kazini, bosi wangu hapendi na mimi sipendi, akacheka akasema "unasema tu hivyo, najua moyoni unapenda." Kesho yake huyo hapo getini na chipsi mayai. Mashosti wakaona ana mahaba kweli kweli, mi nikahisi baridi. Baadae akaniuliza mbona jana nilishukia Mwenge wakati sikumwambia mtu zaidi ya dada yangu, tena kwa meseji. Nikafungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, nikakuta kompyuta ambayo siijui. Nenda kaangalie yako sasa hivi, itakuchukua dakika moja tu. Joe naye ndo mchezo wake, aliiba simu ya Beck, mwenzie akanunua mpya na ile ya zamani ikawa bado inapokea meseji zote.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, mpe hapana ndogo mapema. Sio ya kumtega, hapana ya ukweli, leo sitoki, hilo jina la utani silitaki, nipigie kesho. Akinuna kidogo sawa, binadamu. Ila akikuelezea wewe mwenyewe unachotaka kwa kuwa yeye anakujua kuliko unavyojijua, huyo haishi na wewe, anaishi na mtu aliyemtunga, na siku utakapoacha kufanana na huyo mtu utamkoma.

Halafu hii ya kupeana paswadi eti ndo uaminifu, mi siielewi kabisa. Joe alisoma kila alichoandika Beck na bado hakumjua. Ndio, Beck naye alikuwa muongo, alitoka na daktari wake wa ushauri, na kuna wanaolitumia hilo kumtetea Joe. Mtu akikudanganya unaachana nae, basi. Na uzuri sizoni ya pili mpenzi wake mpya, anaitwa Love, anamwambia ukweli wote, kwamba na yeye ameua kwa ajili yake, jamaa anamtazama kama kaona jini! Alikuwa anautaka ukweli ukiwa wa wengine tu. Mpaka mwisho, 2025, yuko jela anasoma barua ya shabiki na bado anawaza labda wenye tatizo ni sisi.

Ukiamua kuondoka usiende kuagana kwake peke yako. Beck aliligundua lile boksi la siri bafuni, alimoficha Joe ile simu na vitu vingine, akiwa peke yake nyumbani kwa Joe, na hakutoka salama. Mwambie ndugu mmoja uko wapi, badili paswadi zote, na akianza kukuandikia kwa laini mpya usijibu hata kwa kumtukana, maana atahesabu tusi kama mazungumzo. Usifute kitu. Piga skrinishoti zionyeshe tarehe na namba, nenda nazo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na uende na mtu.