Sisi ndio tunaowahitaji

Swali lenu la wiki liliuliza kwa nini mtu akishavuka miaka arobaini anaanza kutafuta kijana wa kumwelekeza: ni busara imekomaa, au ni hofu ya uzee? Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, hamsini nimeshaipita, na jibu langu ni kwamba hamu hiyo mwanzo wake ni njaa. Tunawatafuta vijana kwa sababu tunawahitaji, pengine kuliko wao wanavyotuhitaji sisi. Ubaya unaanza pale tunapojifanya tunatoa sadaka.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo cha ualimu, na kwenye madaftari yake ya saikolojia nilikutana na Erik Erikson, mzaliwa wa Frankfurt, mwaka 1902. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, Erikson aliyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane, kila moja na mvutano wake. Ya saba ndiyo yetu. Kwa kawaida huwekwa kati ya miaka 40 na 65. Hapo mtu ama anajishughulisha kulea na kutengeneza kitakachobaki kwa wanaokuja, ama anadumaa, akaanza kujidekeza mwenyewe utadhani ndiye mtoto wake wa pekee. Hayo kila mwanachuo anayakariri. Kinachorukwa ni maneno mengine ya mzee huyo: kwamba tumezoea mno kuangalia jinsi watoto wanavyowategemea wakubwa, mpaka hatuoni jinsi wakubwa wanavyowategemea watoto. Mtu mzima, alisema, anahitaji kuhitajiwa.

(Erikson hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Ujana wake aliupitisha akizurura na kuchora, kisha akaenda Vienna kufundisha shule ndogo, akafundwa kazi ya saikolojia na Anna Freud, mtaalamu wa nafsi za watoto. Baadaye akawa profesa Harvard. Wanaowabeza mafundi wa mtaani walitafakari hilo.)

Kwenye ushonaji siri iko kwenye kukata. Kushona mtu anajifunza upesi: kukanyaga cherehani, kunyoosha mshono, kukunja pindo, kutia vifungo. Kukata ndiko kunakomfanya fundi. Ukikosea kwapa kwa upana wa kidole, gauni zima linavuta na mteja hanyanyui mkono. Basi fundi aliyenifunza mimi, ambaye simtaji, alikuwa anakata alfajiri kabla wanagenzi hatujafika. Tukiingia tunakuta vipande vimekunjwa vizuri na mkasi umefungiwa kabatini. Alitupenda, hilo silikatai. Alitulisha, alitushauri kuhusu wanaume, alituombea dua. Mawaidha alitoa bila kipimo. Mkasi hakuutoa. Kukata nilijifunza kwa kufumua magauni ya mitumba nyumbani usiku na kufuatisha vipande vyake juu ya karatasi ya kaki.

Sasa nina umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na ninamwelewa. Mwanagenzi akishajua kukata, kesho anafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara. Ukimwachia vifungo tu, utaendelea kuhitajiwa. Hapo ndipo hamu yetu inapopinda: mtu anataka mwanafunzi, lakini hataki ahitimu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dan McAdams na Ed de St. Aubin, walipotengeneza vipimo vyao mwaka 1992 walitenganisha kujali na kutenda. Kulikuwa na maswali 20 ya kupima mtu anakijali kiasi gani kizazi kijacho, na orodha nyingine ya kuuliza amefanya nini hasa. Fundi wangu angepewa karatasi zote mbili, ya kwanza angeifaulu vizuri sana.

Zamani hapa pwani kuelekeza kulikuwa ni kazi yenye mwenyewe. Kungwi hakujipeleka. Aliitwa na wazazi wa mwari, akafanya kazi yake, akapewa haki yake. Msichana alijua somo yake, yaani kungwi wake, ni nani, na somo alijua zamu yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Leo tukifika arobaini na tano tunajiteua wenyewe. Kundi la WhatsApp la ukoo linaamka na mawaidha hata chai haijachemka, yametumwa na watu ambao hakuna aliyewauliza kitu. Wajomba zangu mtanisamehe.

Tukitaka mfano wa mtu aliyeshikwa na hamu hii akaitendea haki, hatuna haja ya kwenda Ulaya. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa kisiwa cha Pate huko pwani ya Kenya, alikuwa mjane, anakaribia hamsini kwa makadirio, na ugonjwa umemlaza, pale mwaka 1858 alipomtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wosia. Anaanza kwa kumwita mtoto asogee, aje na wino na karatasi, maana ana jambo moyoni anapenda kumwambia. Nimewahi kusikia wanawake wakibishana vikali juu ya utenzi huo, kwa sababu sehemu kubwa inamfundisha mke namna ya kumridhisha mume, na wasichana wa leo hilo hawalitaki hata kulisikia. Wana haki. Aliyeachiwa karatasi ndiye mwenye kuchagua atachukua nini. Ninachomheshimia yule mama ni kwamba alichokijua alikisema chote, kwa mpangilio, na hakubakiza mkasi kabatini.

Kuhusu hofu, mnayo hoja. Mwanasaikolojia Elliott Jaques, aliyeupa jina mgogoro wa umri wa kati mwaka 1965, aliona kiini chake ni mtu kutambua kuwa kifo si habari ya watu wengine tu. Mimi siku hizi siwezi kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo ukumbusho naupata kila asubuhi. Lakini hofu peke yake inaweza kumpeleka mtu akanunue pikipiki. Haielezi kwa nini nikimwona binti ameshika mkasi vibaya mkono wangu unasogea wenyewe.

Kwa kuwa mwenye shida ni mimi, gharama ni yangu. Mwanagenzi akiingia kwangu anaanza kukata tangu mwanzo, kwenye mabaki, vigauni vya watoto ambavyo vikiharibika hatujapoteza kitu. Akikunja pindo la mteja, analipwa kwa pindo. Siwezi kusema namfundisha huku kazi ya mikono yake naiuza. Mafundi gereji mnaosoma gazeti hili, mna vijana wanaoshika spana miaka na miaka kwa chai na nauli, mnasema mnawasaidia. Naomba mtuandikie wiki ijayo mtueleze ni nani hapo anayemsaidia mwenzake.

Binti niliye naye sasa hataki kabisa karatasi ya kaki. Anatazama mshono kwenye simu, anakunja kitenge, anapima kwa shibiri, anakata. Mimi nimesimama pembeni roho mkononi. Na magauni yanakaa! Nimejaribu kumweleza kwamba njia yangu ina usalama zaidi, akanijibu kwa adabu zote, "Sawa mama," halafu akaendelea na yake. Wateja wa rika lake wakija hawanisalimii kwanza kuuliza bei kama zamani; wanachungulia ndani wanauliza, "Dada yupo?" Inaniuma, siwafichi. Na sijui kama kuna kitabu kinachosema lazima isiume.

Juzi ameniambia amepata kibanda karibu na kituo cha daladala, na mwenye nyumba anataka mtu mzima wa kumdhamini kwenye kodi. Nimekubali kutia sahihi, kwa sharti moja tu: sare za shule zinabaki zangu.