Maswali na majibu: mmea hurefukaje?

Mmea unapokua, seli zake huongezeka au hutanuka?

Yote mawili, ila si mahali pamoja. Seli hugawanyika hasa kwenye ncha za mizizi na za matawi. Seli moja ikigawanyika hupatikana mbili ndogo, na mmea haujarefuka hata kidogo. Kimo tunachokiona huja baadaye, seli hizo changa zinapotanuka, nyingine hadi mara kumi ya urefu wake wa mwanzo au zaidi.

Jionee mwenyewe. Otesha mbegu ya haragwe kwenye karatasi yenye unyevu. Mzizi ukifika sentimita mbili, uchore vistari vya wino kila milimita moja kuanzia nchani. Kesho yake vistari vilivyo karibu na mbegu utavikuta palepale, lakini vya karibu na ncha vitakuwa vimeachana. Hapo ndipo seli zinapotanuka. Nimelifanya jaribio hili mara nyingi na bado hunisisimua.

Seli hupata wapi nguvu ya kutanuka?

Kwenye maji. Ndani ya seli ya mmea mna mfuko uitwao vakuoli, wenye maji yaliyoyeyusha chumvi na sukari. Hizo huvuta maji ya nje, mfuko ukajaa na kuusukuma ukuta wa seli kwa shinikizo ambalo mara nyingi hulishinda la tairi la gari. Katika seli iliyokomaa, vakuoli huweza kuchukua asilimia 80 hadi 90 ya nafasi yote. Ndiyo maana mmea wenye kiu huacha kurefuka hata kabla hujaona jani limenyauka.

Mbona seli haipasuki?

Swali zuri kuliko yote ya leo. Ukuta wa seli umesukwa kwa nyuzi imara za selulosi. Katika seli inayorefuka, nyingi huizunguka kama kamba inavyouzunguka mzigo wa kuni: kunenepa haiwezi, basi hurefuka. Lakini hata kurefuka kunahitaji ukuta ulegee. Homoni ya oksini huifanya seli itoe asidi ukutani, asidi hiyo ikaamsha protini ziitwazo ekspansini, nazo zikalegeza mshikamano wa nyuzi. Maji husukuma, ukuta huachia kidogo, na papo hapo seli huuongezea nyuzi mpya usije ukawa mwembamba mno.

Kwa nini mche hupinda kuelekea dirishani?

Oksini huwa nyingi upande wa kivulini, hivyo seli za upande huo hurefuka kuliko za upande wenye mwanga. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza kuwa chipukizi la nyasi lililofunikwa ncha halikupinda. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went akaonyesha kwamba kitu kinachotoka nchani ndicho kinachosababisha mpindo huo.

Nikipigilia msumari kwenye mti, utapanda juu mti ukikua?

Hapana, utabaki kimo kilekile. Shina lililokomaa hunenepa tu, kwa tabaka jembamba la seli liitwalo kambiamu, lililo chini ya gome. Tafadhali usiupigilie, unaliumiza tabaka hilo.

Na nyasi, mbona zikifyekwa hurefuka tena?

Kwa sababu seli zinazogawanyika ziko kwenye kitako cha jani, karibu na udongo, chini ya pale panga linapopita.